Kiungulia sugu: uendelee na vidonge au ukafungwe mlango wa tumbo? Nimeziweka njia zote sambamba, mpaka miaka 15 mbele

Mimi nilifanyiwa operesheni ya matundu miaka 8 iliyopita kuzuia asidi isipande, na kaka yangu mkubwa alieko Muscat anameza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) huu mwaka wa 11 na kisu hataki hata kukisikia. Tumbo tulilozaliwa ni moja, ugonjwa ni ule ule, wote tulianza kucheua maji machungu tungali vijana kule Tanga, ila njia tukachukua mbili. Kila tukipigiana simu tunarudi pale pale, nani kachagua vizuri. Na kwa vile nishaulizwa hili swali na watu wengi, hasa wale walioambiwa na daktari "tunaweza kukufunga hiyo valvu ukaachana na dawa" (valvu ndo ule mlango wa juu wa tumbo), nimeona bora niziweke hizo njia zote sambamba, alafu niseme watu waliofuatiliwa miaka 5, 10 mpaka 15 walionekana wako vipi, sababu wengi wanaokuhadithia wanakupa habari za miezi mitatu ya kwanza tu, na hii ni kitu utakaa nayo maisha.

Jibu langu nalitoa mapema kabisa, alie na haraka achukue hili: angalia kinachokutesa ni moto au ni maji. Moto namaanisha kile kiungulia chenyewe, kifua kinachoma nyuma ya mfupa mpaka kooni. Maji namaanisha vile vitu kurudi, umekunywa chai saa moja, saa tatu unainama kudeki unasikia chai hiyo hapo mdomoni, chungu. Dawa zinapunguza asidi, yani tumbo linaendelea kurudisha vilevile ila kinachorudi hakichomi sana. Operesheni inaziba njia, kwahiyo hakirudi. Hiyo tofauti ndo inaamua karibu kila kitu, na ajabu ni kwamba mimi hakuna alieniambia hivo kwa miaka yote niliyokua nazunguka na vidonge.

Mi kilichonifikisha kwenye operesheni ni sijda. Nikisujudu tu maji yanapanda, nainuka namezea, narudi sijda ya pili yanapanda tena, nikawa naswali nimekaa kwenye kiti na umri wangu miaka 34. Usiku mume wangu aliweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, ikasaidia kiasi (hii kitu inasaidia kweli, fanya kabla ya yote, mito mitatu haifai maana inakukunja tumbo), lakini bado nilikua naamka nakohoa mto umelowa na una harufu ya uchachu. Na kuungua? Kuungua kulishaisha, dawa ilishakuzima. Kaka yeye ni kinyume, kwake ni moto tu, akimeza kidonge chake cha asubuhi siku inaisha salama, akisahau siku mbili anaungua. Kwahiyo ukiniuliza sasa hivi ntakwambia hatukuchagua tofauti sababu mmoja muoga mwingine jasiri, miili yetu ndo iliuliza maswali tofauti.

KABLA HUJACHAGUA CHOCHOTE

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia. Kwetu kila maumivu ya juu ya kitovu yanaitwa vidonda vya tumbo, mtu anapimwa wale bakteria wa tumboni, anapewa dozi ya wiki mbili, kiungulia kinabaki, anapewa tena. Wale bakteria na mlango wa tumbo kulegea ni vitu viwili, ukiua bakteria mlango haukazi.

Alafu kuna hili la namna ya kumeza dawa. Kuna utafiti ulifanyika Marekani kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu, ukatolewa 2019, waliwachukua watu 366 ambao wote walikua wanasema dawa imeshindwa, wanaungua pamoja na kumeza. Kitu cha kwanza walichofanya ni kuwapa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku na kuwafundisha kuimeza sawasawa, nusu saa kabla ya chakula. Watu 42 wakapata nafuu hapo hapo, bila kitu kingine! Wengine 99 baada ya kupimwa vizuri ikaonekana hawana asidi inayopanda kabisa, ni mishipa ya fahamu ya umio (bomba la kupitishia chakula) imekua na hisia kali, na 23 walikua na magonjwa mengine ya umio. Baada ya mchujo wote na wengine kujitoa, waliobaki wakaingizwa kwenye majaribio yenyewe ni 78 tu. Sasa hao 78 ambao ilithibitika kweli wana asidi na kweli dawa haiwatoshi, waliofanyiwa operesheni asilimia 67 walifanikiwa baada ya mwaka, walioongezewa dawa nyingine ni asilimia 28, na wale wa kundi la kulinganishia ni 12.

Nilipousoma huo utafiti niliumia kwakweli, maana mimi miaka minne nzima nilikua nameza kidonge usiku baada ya kula, nilivoelekezwa dirishani nilikochukulia dawa, wala hakuna siku mtu aliniuliza unameza saa ngapi. Hizi dawa zinafanya kazi kwenye pampu za asidi zikiwa zinawashwa na chakula, ukimeza umeshashiba sehemu kubwa imepotea bure. Kwa waliofunga Ramadhani hii inasumbua zaidi, mi nilikua nameza kabla ya daku, nakaa nusu saa ndo nakula, na baada ya daku silali mpaka niswali na nikae kae kidogo.

Kwahiyo kabla ya kufungwa vipimo ni hivi: kamera ya kuingia mdomoni waone umio umechubuka kiasi gani na kama kuna ngiri ya kiwambo, yani tumbo limepanda kifuani kupitia tundu la ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kisha kipimo cha asidi cha saa 24, kamrija kembamba kanapita puani kanakaa kwenye umio kanahesabu asidi inapanda mara ngapi, na kawaida unaacha dawa wiki nzima kabla, wiki ngumu hiyo. Na kipimo cha nguvu ya umio kusukuma chakula. Hiki cha mwisho usikubali kirukwe, sababu kuna ugonjwa unaitwa akalasia, mlango wa chini haufunguki, na mgonjwa nae analalamika kiungulia na chakula kurudi, sasa ukimkazia mlango ambao tayari umekaza umemmaliza. Jirani yetu mmoja Tanga ilikua hivyo hivyo, miaka anatibiwa asidi kumbe ni hiyo.

Na tafadhali sana, chakula kikianza kukwama, ukapungua mwili bila sababu, ukatapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, hayo si mambo ya kulinganisha dawa na operesheni, ni kamera wiki hiyo hiyo. Ukanda wetu huu wa Kenya, Tanzania mpaka Malawi una kansa ya umio nyingi mno, na ya huku kwa sehemu kubwa ni ile aina isiyotokana na asidi, inamjia hata mtu ambae hajawahi kuungua. Kaka alikwamwa na nyama mara mbili mwaka juzi akapuuza, nililia kwenye simu mpaka akaenda. Alikua salama, ila alienda.

VIDONGE NA OPERESHENI, MIAKA 5

Operesheni yenyewe kwa ufupi: matundu matano madogo tumboni, wanaichukua ile sehemu ya juu ya tumbo iliyolegea wanaizungusha nyuma ya umio kwa chini kama unavyojivisha skafu shingoni, wanashona, na kama kuna ngiri wanalivuta tumbo chini na kulipunguza lile tundu kwa nyuzi. Ikizungushwa duara zima inaitwa Nissen, jina la Rudolf Nissen alieianzisha miaka ya 1950 enzi hizo wanapasua tumbo lote, ya matundu ilianza 1991. Ikizungushwa robo tatu tu inaitwa Toupet. Mimi nina Toupet.

Utafiti mkubwa wa kulinganisha ulifanyika nchi 11 za Ulaya, watu 554, nusu wakafanyiwa operesheni ya matundu na madaktari wazoefu, nusu wakapewa esomeprazoli (ndugu yake omeprazoli) na ruhusa ya kuongezewa dozi ikihitajika. Baada ya miaka 5, upande wa dawa asilimia 92 walikua bado wametulia, upande wa operesheni 85. Kaka alivoona hiyo namba alinitumia saa sita usiku, "umeona?". Nimeona kaka, lakini soma na mistari ya chini. Waliokua bado wanasumbuliwa na vitu kurudi mdomoni, dawa asilimia 13, operesheni 2. Wanaoungua, dawa 16, operesheni 8. Alafu geuza: chakula kupita kwa shida, dawa 5, operesheni 11. Tumbo kujaa, dawa 28, operesheni 40. Gesi ya chini, dawa 40, operesheni 57.

Ukiziangalia hizo namba kwa utulivu unaona hakuna alieshinda, unachagua shida utakayoishi nayo. Na kitu kingine, watu wote walioingia kwenye utafiti huo walikua ni wale ambao dawa inawafaa tangu mwanzo, ndo masharti ya kuingia. Mtu kama mimi ambae maji yanarudi hata nikimeza mara mbili kwa siku nisingekuwemo. Kwahiyo ile 92 ni ya kina kaka, na ni habari njema kwao, haina maana sisi wengine tulikosea.

Uingereza nao walifuatilia watu 357 miaka 5, waliopangiwa operesheni walikua na maisha mazuri kidogo kuliko waliopangiwa dawa, ila asilimia 44 ya kundi la operesheni walikua wanatumia dawa mwaka wa tano (ndani yake wamo ambao mwishowe hawakufanyiwa), kundi la dawa ni 82.

Kuhusu hofu ya vidonge. Nasikia sana "omeprazoli inaua figo, inaoza mifupa, inaleta usahaulifu". Hizo habari nyingi zinatoka kwenye tafiti za kuangalia mafaili, ambapo wanaomeza ni watu wanaoumwa zaidi tangu awali. Walipojaribu kwa usahihi, watu 17,598, nusu pantoprazoli (ndugu mwingine wa omeprazoli) nusu kidonge kisicho na dawa, wakawafuatilia miaka 3, tofauti iliyojitokeza wazi ni maambukizi ya tumbo, kuharisha na kadhalika, asilimia 1.4 kwa 1.0. Miaka 3 sio 30, sawa, lakini mtu asiende kupasuliwa kwa kuogopa kidonge tu. Hiyo sababu peke yake haitoshi, nasema na mimi nimepasuliwa.

Na ile "nimekua mteja, nikiacha tu naungua mara mbili" ina maelezo yake. Denmark walichukua watu wazima wasio na ugonjwa wowote 120, nusu wakapewa esomeprazoli wiki 8 kisha ikasimamishwa, asilimia 44 wakaanza kuungua au kucheua maji, watu ambao hawakua na tatizo kabisa! Waliopewa kidonge kitupu ni 15. Tumbo likizuiwa linajiandaa kutoa zaidi, ukiachia ghafla linafungulia yote. Kwahiyo ukitaka kuacha, punguza taratibu ukishirikiana na daktari, na usihukumu ugonjwa wako kwa wiki ya kwanza bila dawa.

MAISHA UKIWA UMEFUNGWA

Wiki mbili ni vya majimaji, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Kisha mtori, viazi vya kupondwa, samaki laini. Mkate, wali mkavu, nyama na ugali ni vya mwisho kabisa. Mimi tonge langu la kwanza la ugali nililila wiki ya sita, dogo kama kunde, nikalitafuna mpaka likawa maji na bado nikalisikia likisimama hapa chini ya kifua, limesimama tu, haliumi, nikasimama wima nikasubiri, kama dakika moja hivi, likapita. Nikajua leo nimekula. Kukwama huko kunatokana na uvimbe, kwa wengi kunakwisha ndani ya miezi mitatu, wachache wanabaki nako na wachache zaidi wanahitaji kupanuliwa kwa puto kupitia kamera.

Kucheua ndo kitu watu hawaambiwi. Upepo ulioumeza ulikua unatoka juu, sasa mlango umekaza hautoki, unashuka. Soda nimeacha. Harusini nakula kidogo naondoka mapema. Hili kwa waliofungwa duara zima ni kali zaidi kuliko robo tatu, na kutapika pia ni shida, unaumwa malaria unakabwa tu hakuna kinachotoka. Siku za mwanzo kichefuchefu kinatakiwa kiwahiwe kwa dawa, maana kujikamua kutapika kunaweza kuchana nyuzi. Na ndoo ya maji kichwani au gunia, sahau kwa wiki kadhaa, mimi wifi yangu alihamia kwangu mwezi mzima kwa ajili ya hayo, Mungu ambariki.

Baada ya hapo? Nasujudu. Kitanda kimeshuka kwenye matofali. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

ITADUMU?

Sweden wanaandika kila mgonjwa kwenye daftari la taifa, kwahiyo waliweza kuwafuatilia watu 2,655 waliofungwa kwa matundu, wastani miaka 5. Tatizo lilirudi kwa asilimia 17.7, yani karibu mmoja katika kila sita, na wengi wa hao walirudi kwenye dawa, wachache ndo walirudia operesheni. Wanawake, watu wazima sana na wenye magonjwa mengine ndo walirudiwa zaidi. Vifo ndani ya mwezi wa kwanza ni kama mmoja kwa elfu, ni kidogo ila sio sifuri na lazima kitajwe, maana kiungulia chenyewe hakiui.

Nyuma zaidi, Marekani walifuatilia watu waliofungwa kwa kupasuliwa tumbo wazi, baada ya miaka 10 hadi 13 asilimia 62 walikua wanameza dawa za asidi tena mara kwa mara. Hii namba inatumiwa sana kuwakatisha watu tamaa. Mi naisoma hivi: ile ni njia ya zamani, na zaidi ya hapo, wengi wanaomeza dawa baada ya kufungwa wakipimwa asidi ya saa 24 inaonekana haipandi, wamerudi kwenye kidonge kwa sababu tumbo limejaa au kifua kimeuma na hakuna aliewapima. Kwahiyo ukiungua mwaka wa tano usikimbilie kusema imefunguka, pima kwanza. Na kweli ikifunguka kurudia kunawezekana ila ni kugumu kuliko mara ya kwanza na matokeo yanashuka, ya tatu ndo usiseme. Ndo maana ile ya kwanza itafutie mikono mizoefu.

Duara zima au robo tatu? Stockholm waliwagawa watu 456 kwa bahati nasibu, wengine duara zima wengine robo tatu, miaka ya 2001 mpaka 2006, wakawafuata miaka 15. Mwanzoni robo tatu walimeza kwa urahisi zaidi, kwenda mbele tofauti ikapungua sana, na asidi ilizuiliwa sawasawa kwa wote. Hiyo kwangu ndo habari nzuri kuliko zote kwenye suala hili, maana hofu ilikua robo tatu itaachia mapema, na haikuachia. Daktari akikupa chaguo, uliza kuhusu robo tatu.

PETE YA SUMAKU NA ZILE ZA KUPITIA MDOMONI

LINX ni kapete ka shanga za titani zenye sumaku ndani, kanavishwa umio kwa chini kwa matundu vilevile. Chakula kikishuka shanga zinaachana, kikipita zinashikana. Marekani iliruhusiwa 2012. Watu 100 wa kwanza wa utafiti wao, 85 walifika kwenye uchunguzi wa miaka 5: kati ya hao asilimia 15 tu ndo walikua wanameza dawa, na vitu kurudi mdomoni kwa kiwango cha kusumbua kulishuka toka 57 mpaka karibu 1. Kucheua na kutapika unaweza, hapo inaipita Nissen. Ila kukwama kwa chakula mwanzoni kulikua kwa asilimia 68, kulishuka mpaka 11 baada ya mwaka, na pete 7 zilitolewa. Kinyume na sisi, wao wanaambiwa wale chakula kigumu tangu mwanzo, kidogo kidogo kila saa moja mbili, kuifundisha pete ifunguke, isije ikazungukwa na kovu ikabana. Na kitu cha kufikiria kwa mtu wa huku: pete hiyo ina masharti na mashine ya MRI (inayopiga picha kwa sumaku, nguvu yake inapimwa kwa Tesla), za zamani hazivumilii mashine zenye nguvu ya kawaida ya hospitali, mpya mpaka Tesla 1.5. Ukiumia mgongo kwenye ajali ya bodaboda alafu mashine iliyopo ni ya 3, utafanyaje? Mimi kwa sababu hiyo nisingeichagua, na pia kwa sababu ukipata shida nayo unahitaji mtu anaeijua awe karibu. Alieko Ulaya au Marekani hesabu yake ni nyingine, na kwake mi naiona ni chaguo zuri kweli.

TIF inafanywa na kifaa kinapita mdomoni pamoja na kamera, hakuna tundu hata moja tumboni, kinakunja tumbo na kulibana kwa vipini vidogo vya plastiki. Inavutia. Masharti yake ngiri isizidi sentimita 2. Utafiti wake wa watu 60, baada ya miaka 5 vitu kurudi mdomoni kulikua kumeisha kwa asilimia 86 ya waliokua wanasumbuliwa nako na bado wanafuatiliwa, lakini waliokua hawagusi dawa kabisa ni 46 tu, na 34 walikua wanameza kila siku. Kwahiyo ni nyepesi mwilini na ni nyepesi kazini. Gesi na kukwama ni kidogo sana.

Ile ya kuunguza mlango kwa mawimbi ya redio, Stretta, ipo toka 2000, kuna ripoti ya miaka 10 inasema asilimia 41 waliacha dawa, ila tafiti nyingine zimegongana nayo sana na chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani 2022 kilisema hakiwezi kuipendekeza badala ya dawa au operesheni. Mi nisingetoa hela yangu hapo.

KWA WENYE MWILI MKUBWA

Kama uzito ni mkubwa sana, kufunga peke yake kunaachia mapema maana shinikizo la tumbo lipo pale pale. Hapo wengi wanapelekwa kwenye ile operesheni ya kupunguza mwili ya kuunganisha utumbo juu, inaondoa uzito na asidi kwa pamoja. Ila ile nyingine maarufu ya kukata tumbo libaki bomba inaweza kuzidisha asidi kupanda au hata kuileta kwa ambae hakua nayo. Nimeona wadada wanaipigia hesabu na tayari wana kiungulia, jamani mwambieni daktari kwanza.

Na kansa: watu wanadhani kufungwa kunakukinga. Tafiti za nchi za Skandinavia hazikuonyesha kwamba waliofungwa wanapata kansa kidogo kuliko wanaotumia dawa vizuri. Kama kamera ilishaonyesha ngozi ya umio imebadilika, uchunguzi wa kila miaka kadhaa unaendelea hata ukifungwa.

MIMI NINGEMSHAURI NANI AENDE WAPI

Unaungua tu, kidonge kimoja kinakutuliza, kamera safi: baki na kidonge, dozi ndogo inayokutosha, nusu saa kabla ya kula, usisumbuke. Unaungua na kidonge hakifanyi kitu kabisa: usiende kwa mpasuaji, nenda kwenye kipimo cha saa 24, maana ambae dawa haimgusi hata kidogo mara nyingi ugonjwa wake sio asidi na operesheni haitamgusa pia. Hili linachanganya watu, wanadhani dawa ikishindwa ndo kisu kitaweza. Wanaofaidika zaidi na kisu ni wale ambao dawa iliwasaidia nusu, moto ukazimika maji yakabaki. Una ngiri kubwa, maji yanapanda, unakohoa usiku, vipimo vimethibitisha, umri unaruhusu: fungwa, na robo tatu ukiweza. Una ngiri ndogo, unaogopa gesi, na uko tayari kubaki na kidonge kimoja kimoja: TIF, kama unaipata.

Ukimpata daktari muulize anafunga watu wangapi kwa mwaka, asikujibu jumla ya maisha yake, kwa mwaka. Muulize wangapi aliwarudia. Na kama unasafiri, mimi nilienda India kama wengi wetu, uliza kabla hujakata tiketi nani nyumbani atakuona chakula kikikwama wiki ya tatu, maana hapo ndo nilihangaika, narudi na karatasi za kutolewa hospitali na kila ninaemwonyesha anasema rudi ulikofanyiwa. Omba ripoti ya operesheni yenyewe, ile inayosema wameshona nini wapi, na picha za vipimo vyote, weka nakala mbili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila ujue kwanza yana kina gani.

Kaka mwezi ujao anafanya kipimo cha saa 24 huko huko Muscat, sio kwamba amekubali kisu, ni kwamba tangu Shaaban ameanza kuamka usiku anakohoa na mimi najua kile kikohozi. Wiki nzima atakua hana dawa, nimemwambia ale magharibi amalize, anyanyue kitanda, na kila saa anayoungua aandike kwenye karatasi, hata saa nane usiku, maana mashine itahesabu asidi lakini nani alikua anaumia saa ngapi mpaka aandike mwenyewe.